SELAJINELA: MMEA WA KUFUNIKA ARDHI KATIKA BUSTANI ZENYE KIVULI

Wananchi wenye bustani za nyumbani, wasimamizi wa bustani za umma, walimu wa skuli zenye vitalu na wafanyabiashara wa mimea ya mapambo wanafahamishwa kwamba makala hii inaeleza namna ya kuotesha na kutunza mimea ya jamii ya selajinela na ndugu zake likopodi mahali penye kivuli. Imeandikwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni manufaa. Ziko sehemu nyingi Unguja na Pemba, chini ya miembe na mishelisheli, katika nyua za nyumba za Mji Mkongwe na kando ya visima, ambapo ukoka haushiki na udongo hubaki mtupu mwaka mzima, ukichukuliwa kidogo kidogo na kila mvua. Ya pili ni tahadhari. Mmea unaopendeza ndani ya chungu unaweza kuwa mzigo ukiachiwa kuingia katika msitu usio wake. Na mmea uliomo katika msitu wake haufai kung'olewa na kuletwa mjini, kwa maana mara nyingi hufa na msitu hubaki na pengo.

Mimea hii ni ipi

Kwa kuwa mimea hii haina jina moja la Kiswahili lililozoeleka kote, wenye bustani wengi huihesabu pamoja na makangaga, na wengine huiita kuvumwani kwa kuwa ni mifupi, laini na ya kijani kibichi. Kwa hakika si hiki wala si kile. Kuvumwani, ule ukijani unaotanda juu ya kuta mbichi, hauna mizizi ya kweli wala mishipa ya kupitisha maji. Selajinela na likopodi zina mizizi, zina shina lenye mishipa, na kila jani lake, ingawa ni dogo, lina mshipa mmoja wa katikati. Kangaga nalo lina majani makubwa yanayochanua kwa kujikunjua kutoka katika mviringo kama mkia wa kinyonga; selajinela haifanyi hivyo. Katika selajinela nyingi za bustanini, atakayetazama kwa makini ataona majani yamepangwa kwa safu nne: safu mbili za majani makubwa pembeni na safu mbili za majani madogo juu ya shina.

Jamii nzima ina aina zipatazo 1,300 duniani, na zaidi ya nusu yake, yaani aina zaidi ya 700, ni selajinela. Ni mimea ya kale sana. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla ya kuwapo ua la aina yoyote duniani, ndugu zake walikuwa miti mirefu ya mita 30 na zaidi iliyosimama katika mabwawa makubwa, na mabaki ya miti hiyo yaliyofukiwa ndiyo sehemu kubwa ya makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda na meli za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Meli za moshi zilizofika bandari yetu katika karne ya 19 zilichoma, bila ya mabaharia kujua, misitu ya jamii hii.

Mimea hii haitoi maua, matunda wala mbegu. Huzaa kwa spora, ambazo ni chembe laini kama vumbi. Spora za likopodi zina mafuta mengi, hazishiki maji na hulipuka kwa mwanga mkali zikirushwa katika moto. Kwa sababu hiyo wafamasia wa zamani walizitumia kuzuia vidonge visigandane, wapiga picha na watu wa tamthilia walizitumia kutoa mwako wa ghafla, na mwaka 1807 ndugu wawili wa Kifaransa, Nicéphore na Claude Niépce, walipata hati ya ubunifu kwa injini yao iliyosukuma mashua kwa kuchoma unga huo. Haya yanatajwa ili msomaji ajue kwamba unga wa likopodi si wa kuchezewa na watoto karibu na moto, na wala mmea wenyewe si mboga wala dawa ya kujipikia nyumbani. Baadhi ya likopodi zina sumu.

Jambo moja katika uzazi wake linamhusu mtunza bustani moja kwa moja. Chembe ya kiume ya mmea huu huogelea kuifikia ya kike, na haiwezi kuogelea pasipo na maji, hata kama ni tabaka jembamba la umande tu. Mmea uliozoea kuzaa kwa namna hiyo tangu mamilioni ya miaka hauwezi kulazimishwa kuishi katika ukavu wa kibaraza kinachopigwa na jua la alasiri.

Aina zifaazo visiwani

Si kila selajinela inayosifiwa katika vitabu vya bustani inafaa kwetu. Ile inayotajwa zaidi, Selaginella kraussiana, ni ya Afrika Mashariki na Kusini yenyewe, lakini makazi yake katika ukanda wetu ni misitu ya milimani yenye ubaridi na ukungu. Ukiishusha pwani utaiona inastawi wakati wa masika, na ifikapo Januari majani yanakauka kama karatasi. Anayetaka kuijaribu aitie ndani ya kioo, kama itakavyoelezwa mbele, na asiipande ardhini.

Kwa joto la visiwani zinafaa zaidi aina za nchi tambarare zenye joto. Selaginella uncinata, ambayo asili yake ni kusini ya China, hutambaa na kufunika ardhi kwa majani yenye rangi ya buluu inayomeremeta kama shingo ya tausi. Selaginella willdenowii ya Asia ya Kusini-Mashariki ina rangi kama hiyo, lakini hii hupanda, na shina lake huweza kufika mita kadhaa ikipata cha kushikilia. Rangi hiyo ya buluu si rangi ya kupakwa ndani ya jani. Hutokana na tabaka nyembamba mno juu ya jani zinazorudisha nuru, kama vile mafuta yaliyomwagika juu ya maji yanavyoonyesha rangi. Mmea ukiwekwa juani, buluu hutoweka na majani huwa ya manjano au mekundu yaliyofifia. Kwa hiyo mwenye bustani hana haja ya kipimo cha mwanga: rangi ya majani itamwambia kama kivuli kinatosha.

Ipo pia selajinela ya jangwani ya Mexico, Selaginella lepidophylla, inayouzwa ikiwa imekauka na kujikunja kama ngumi, kisha hujikunjua ikitiwa majini. Hii ni ya ajabu kuitazama lakini si mmea wa bustani ya kivuli, na mara nyingi hiyo inayouzwa imekwisha kufa zamani. Huendelea kufunguka na kufunga kwa sababu ya maji tu, kama mlango unaoitikia upepo. Mnunuzi asidanganyike.

Kivuli

Wengi hudhani kwamba ukuta ni kivuli. Katika nchi zilizo mbali na ikweta ni kweli, lakini Unguja iko karibu na nyuzi 6 kusini ya ikweta, na jua letu hubadili upande. Kuanzia takriban wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la adhuhuri huwa kusini yetu kidogo. Miezi iliyobaki huwa kaskazini. Ina maana kwamba tuta lililo upande wa kaskazini wa ukuta hupata kivuli cha adhuhuri katika miezi ya joto la kaskazi, ambayo ndiyo miezi ya hatari, na tuta la upande wa kusini hukipata wakati wa kipupwe, ambapo haja yake ni ndogo. Hata hivyo mtu asitarajie makubwa: ukuta wa mita 3, saa sita ya mchana mwezi wa Disemba, hutoa kivuli kisichofika mita moja. Na katika siku za mwanzo wa Machi na baada ya wiki ya kwanza ya Oktoba, jua linapokuwa utosini, ukuta hautoi kivuli chochote adhuhuri.

Kwa sababu hiyo kivuli kinachotegemewa ni kile kinachotoka juu. Mti wenye majani ya kudumu ni bora kuliko ule unaopukutisha. Mwembe unafaa, ingawa majani yake makavu yaokotwe kila baada ya siku chache kabla hayajaulalia mmea. Mshelisheli una kivuli kizuri lakini jani lake moja likidondoka linafunika sehemu kubwa ya tuta, na chini yake selajinela huoza kimya kimya. Anayepanda chini ya mshelisheli akubali kazi ya kuokota kila asubuhi. Mnazi peke yake hautoshi. Pasipo na mti, lijengwe banda la makuti lenye nafasi ya kupitisha miale michache. Makuti ya tabaka moja yaliyopangwa kwa nafasi huwa ya kutosha kwa upande unaopata jua la asubuhi, na tabaka mbili kwa upande wa magharibi. Jua la asubuhi, hadi kiasi cha saa mbili na nusu au saa tatu, halina madhara. La alasiri linaua.

Upepo nao uangaliwe. Selajinela iliyo karibu na ufuo hupata chumvi ya bahari juu ya majani, na ncha zake huungua hata kama maji ni tele. Ua wa nyumba ya mjini, wenye kuta pande zote nne na kisima katikati, ni mahali bora kuliko bustani ya wazi ya hoteli ya pwani.

Udongo na makumbi

Mizizi ya selajinela haiendi chini. Hutoka katika maungio ya shina, hushuka kama nyuzi na kuishia katika sentimita 10 hadi 15 za juu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuchimba shimo. Kinachotakiwa ni tabaka jembamba la udongo mzuri, mwepesi, wenye unyevu na usiotuamisha maji.

Mwenye ardhi ya kinongo ana nusu ya kazi imekwisha fanywa. Kinamo kizito hushika maji mno na lazima kiinuliwe kuwa tuta. Kichanga hupitisha maji haraka na kinahitaji mboji nyingi. Wananchi wa upande wa mashariki ya Unguja, wenye uwanda na mawe ya matumbawe, wasikate tamaa, lakini wapande katika vyungu au katika tuta lililojengewa juu ya ardhi, kwa kuwa jiwe la matumbawe lina chokaa na selajinela nyingi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo tuta lisigusane na ukuta wa zamani unaobanduka lipu ya chokaa. Paachwe upana wa kiganja kati yake na ukuta.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za mboji ya majani yaliyooza barabara, sehemu moja ya vumbi la makumbi na sehemu moja ya mchanga wa shamba. Mchanga wa pwani usitumiwe kabisa. Una chumvi na vipande vya kombe.

Kuhusu vumbi la makumbi inafaa kueleza kwa kirefu, kwa maana hapa ndipo bustani nyingi huharibika. Vumbi hili hupatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, hushika maji vizuri na huchukua muda mrefu kuoza. Lakini katika vijiji vingi vya pwani makumbi hufukiwa kwa miezi katika mchanga au matope ya bahari ili yalainike kwa kazi ya kusokota kamba, na vumbi linalobaki baada ya kupondwa limeshiba chumvi. Hata makumbi ambayo hayakufukiwa baharini, ya minazi iliyo karibu na ufuo, huwa na chumvi kiasi. Vumbi hilo lioshwe kwa maji baridi angalau mara tatu, kila mara likiachwa lichuje mpaka limalize, au liachwe wazi lipigwe na mvua za masika nzima. Njia rahisi ya kulipima ni kutia konzi chache katika kopo lenye matundu na kupanda mbegu za mchicha. Zikichipua kwa wingi na kubaki na kijani kwa siku kumi, vumbi limesafika. Zikichipua chache na kukauka ncha, lioshwe tena. Mchicha ni bei rahisi kuliko selajinela.

Samadi mbichi, mbolea ya kuku na urea visitiwe. Mmea huu ulizoea msitu, ambapo chakula huja kidogo kidogo kutoka katika majani yanayooza, na mbolea kali huunguza mizizi yake myembamba. Konzi ya mboji iliyochekechwa na kunyunyizwa juu ya tuta mara mbili kwa mwaka inatosha.

Kupanda

Wakati mzuri wa kupanda ni vuli, Oktoba mwishoni hadi Novemba, au mwanzo wa masika. Baadhi ya wakulima wa bustani hupendelea masika kwa sababu maji hayana gharama, lakini mvua kubwa ya Aprili hupiga vipandikizi vichanga na kuvifukua, na tuta la mteremko huweza kuchukuliwa lote kwa usiku mmoja. Vuli ni bora kwa Unguja, mradi mwenye bustani awe tayari kumwagilia bila kukosa kuanzia Disemba hadi Februari. Pemba, ambako mvua ni nyingi zaidi na mvua za mchoo husaidia katikati ya mwaka, mtu anaweza kupanda hata Juni bila ya wasiwasi mkubwa.

Hakuna haja ya kununua miche mingi. Chungu kimoja chenye afya kinatosha kuzaa tuta zima. Zikatwe ncha za shina za urefu wa sentimita 5 hadi 8, zilazwe juu ya udongo uliolowana, zishikizwe kwa vijiti vya njukuti vilivyokunjwa, na zisifukiwe. Mizizi itashuka yenyewe kutoka katika maungio baada ya wiki mbili hadi nne. Katika muda huo hewa iliyozizunguka isikauke. Kwa vile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, zitumike chupa kubwa za maji zilizokatwa kitako na kufunikizwa juu ya vipandikizi, na vifuniko vyake vifunguliwe kidogo kila asubuhi. Vipandikizi vikishika, vipandwe kwa nafasi ya sentimita 15. Tuta likitunzwa litafungana katika misimu miwili.

Maji

Udongo ubaki na unyevu siku zote, kama kitambaa kilichokamuliwa, lakini usiwe tope. Katika kaskazi nyunyiza asubuhi mapema na tena jioni. Katika masika usinyunyize kabisa. Nyunyiza kwa debe lenye tundu ndogo ndogo, si kwa mpira wenye nguvu.

Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya visima vyetu vingi hupita katika mawe ya chokaa, na dalili yake kila mtu anaijua: ule ukoko mweupe ndani ya birika. Maji hayo hayaui mmea kwa mara moja, bali huacha madoa meupe juu ya majani na kupunguza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka. Wapo wanaoamini kwamba kuyaacha maji usiku kucha huondoa chokaa, hakuondoi. Anayevuna maji ya paa ayahifadhi kwa ajili ya miezi ya ukame na atumie ya kisima wakati mwengine. Maji ya kisima yaliyoingiliwa na chumvi ya bahari, kama inavyotokea karibu na pwani, yasitumiwe kabisa.

Inasisitizwa kwamba mapipa ya kuvunia maji yafunikwe, na visahani vilivyo chini ya vyungu vimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Mbu anayeambukiza homa ya dengue hutaga katika maji safi yaliyotuama karibu na nyumba, na kisahani cha chungu kinamtosha. Bustani ya kivuli isiyosimamiwa ni neema kwake.

Matunzo na magonjwa

Mmea ulioshika hauna usumbufu mwingi. Shina zilizozeeka na kuwa kahawia zikatwe kwa mkasi, na tuta lenye umri wa miaka mitatu au minne lifanywe upya kwa vipandikizi. Usipitishe njia juu yake. Selajinela haivumilii kukanyagwa kama ukoka. Mahali pa kupita pawekwe mawe.

Majani yakikauka ncha, sababu ni hewa kavu, jua au chumvi. Yakigeuka meusi na kuteleza, maji yamezidi au majani ya mti yameyafunika. Shina zikirefuka na kuwa nyembamba zenye majani ya mbalimbali, kivuli kimezidi. Wadudu hawaipendi sana. Koa na konokono hula ncha changa wakati wa mvua na waokotwe usiku kwa taa. Adui mkubwa kuliko wote visiwani ni kuku, ambaye kwa robo saa huweza kufukua kazi ya mwaka mzima akitafuta wadudu chini ya ule unyevu. Asiye na uzio asipande ardhini.

Chini ya zulia zito la majani hujificha tandu na nge. Iachwe nafasi tupu ya mita moja kati ya tuta na mlango wa nyumba, na anayepalilia avae viatu na glavu.

Katika mtungi wa kioo

Karibu na mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona kangaga limechipua lenyewe ndani ya chupa iliyofungwa, likiishi kwa unyevu uliozunguka ndani yake. Kutokana na hayo akatengeneza masanduku ya kioo yaliyowezesha mimea kusafirishwa baharini kwa miezi bila kumwagiliwa, na selajinela zikawa miongoni mwa mimea iliyopendwa zaidi ndani ya vioo hivyo huko Uingereza. Njia hiyo inafaa kwa skuli, ofisi na nyumba za ghorofa zisizo na ua. Utwaliwe mtungi mkubwa wa kioo cheupe, kama ule wa peremende za dukani. Utiwe kokoto kidogo chini, kisha mchanganyiko uliotajwa wa kina cha sentimita 6, vipandikizi vitatu au vinne, na maji ya vikombe viwili vya kahawa. Ufunikwe. Uwekwe mahali penye mwanga usio na jua, kwa maana jua likiupiga mtungi uliofungwa huwa tanuri. Kioo kikiwa na ukungu asubuhi na kuwa safi adhuhuri, kiasi cha maji ni sawa. Baadhi ya mitungi hukaa miezi mingi bila ya kuongezwa maji.

Likopodi na mimea ya misituni

Likopodi za kweli ni habari nyingine. Nyingine huota juu ya matawi ya miti msituni na kuning'inia kama vishada. Nyingine hutambaa ardhini. Ipo pia Lycopodiella cernua, yenye umbo la kijiti cha mvinje kidogo, inayoota katika nchi nyingi za joto kwenye kingo mbichi zilizo wazi. Wengi huzitamani. Lakini likopodi changa ya ardhini huanza maisha yake kwa kulishwa na kuvu waliomo udongoni, baadhi yake zikikaa chini ya ardhi kwa miaka kabla ya kutoa chipukizi. Anayeing'oa hubeba shina na kuacha nyuma udongo ulioilea. Mmea hubaki kijani kwa wiki kadhaa, akafurahi, kisha hufa. Hakuna mbolea inayoweza kuzuia hayo.

Misitu yetu ya asili ni midogo. Jozani, ambayo pamoja na Ghuba ya Chwaka ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, Ngezi ya Pemba, na vipande vichache vilivyobaki penginepo, haviwezi kulisha soko la mapambo. Ndiyo maana mimea ya misitu ya hifadhi hairuhusiwi kuchukuliwa bila ya kibali. Mfanyabiashara anayeuza kangaga au likopodi zenye mizizi iliyotapakaa gome la mti au udongo mweusi wa msituni aulizwe amezipata wapi. Mimea iliyozalishwa kitaluni hutambulika: imejaa chungu chake, mizizi imezunguka ndani, na majani hayana michubuko.

Kuleta mimea kutoka nje

Visiwa hivi vimepokea mimea ya wageni kwa karne nyingi, na mikarafuu yenyewe ni mgeni. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza hapa katika karne ya 19, alipanda Mbweni mimea kutoka nchi nyingi. Lakini si kila mgeni aliyekuja kwa nia njema alileta kheri. Kunguru wa Kihindi walioletwa katika muongo wa 1890 ili wale taka za mji, leo kila mwenye vifaranga anawajua. Huko Amani, Usambara ya Mashariki, mti wa Maesopsis uliopandwa katika enzi ya ukoloni ulichukuliwa na hondohondo wanaokula matunda yake, ukaingia msituni na kushika nafasi za miti ya asili.

Selajinela nayo imo katika hatari hiyo. Ile Selaginella kraussiana iliyotajwa juu, ambayo kwao Afrika ni mmea mpole wa chini ya miti, ilipopelekwa New Zealand kwa ajili ya bustani ilitoroka na kufunika ardhi ya misitu kwa zulia zito, hata miche ya miti ya asili ikakosa pa kuota. Nchi hiyo imekataza kuiuza na kuizalisha. Huenea kwa kipande kidogo cha shina kinachonasa katika kiatu, na kipande hicho kinatosha kuanzisha zulia jipya. Aina ya willdenowii imekwisha kutoroka bustanini huko Florida, Marekani. Hali ya hewa ya Ngezi, yenye joto, kivuli na unyevu, ndiyo hasa inayozifaa aina za Asia zinazopendekezwa katika makala hii kwa bustani, na ndiyo sababu masharti yanayofuata hayapaswi kuonekana kuwa ni usumbufu.

Selajinela za kigeni zipandwe katika vyungu, katika nyua zilizozungukwa na saruji au katika matuta yenye kingo za kujengwa. Zisipandwe kando ya mito, mabonde ya mpunga, mitaro inayomwaga maji msituni, wala katika vijiji vinavyopakana na Ngezi, Jozani au Masingini. Anayetaka kuingiza mimea hai kutoka Tanzania Bara au nchi za nje apate kwanza idhini ya wakaguzi wa afya ya mimea, na mzigo uonyeshwe bandarini au uwanja wa ndege kabla haujafunguliwa. Udongo usiletwe, kwani ndani yake husafiri minyoo ya mizizi na sisimizi wageni; mmea uoshwe mizizi na kufungwa katika vumbi la makumbi lililolowana au karatasi.

Mabaki ya kupogoa yasitupwe kwenye jaa, mtaroni wala pembezoni mwa msitu, na yasichanganywe na mboji, kwa kuwa huota humo. Yatiwe ndani ya gunia, gunia lifungwe na kuanikwa juani juu ya saruji mpaka yavunjike yakishikwa, kisha yachomwe. Atakayeona selajinela imeota yenyewe katika msitu wa hifadhi au kando ya mto asiing'oe, maana vipande vitakavyodondoka vitaota. Aweke alama mahali hapo na kumwarifu sheha, au bwana shamba au bibi shamba wa wilaya yake, akichukua tawi moja ndani ya chupa iliyofungwa ili aina yake itambuliwe.